Chupa Kumi na Mbili za Mama Turan

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikajifanya nimelisahau. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mama mkwe wangu hakujua Kiingereza, majirani hawakujua Kifarsi, na kila neno lililovuka uzio lilipitia mdomoni mwangu. Nami tangu utoto ni mwoga wa ugomvi. Neno likinijia na miiba, nilikuwa naling'oa miiba kwanza ndipo nalipitisha.

Alifika Nebraska Septemba ya mwaka 1998, baada ya kwenda Ankara mara mbili kuhangaikia viza, maana kwao hakuna ubalozi wa Marekani. Anaitwa Turan, mjane wa mkulima wa chai kutoka Lahijan, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuwaita watu walio ng'ambo ya mto. Mume wangu Behrang ndiye mwanawe wa pekee, na ndiye aliyekuwa daktari wa meno wa pekee pale Pawnee Bend. Ndiyo maana mji ule ulituzoea upesi. Mtu aliyelishika shavu kwa maumivu hakuulizi umetoka wapi.

Isipokuwa Verlin Kubik. Meno yake yote yalikuwa ya bandia, kwa hiyo hakutuhitaji kwa lolote.

Verlin alikuwa jirani yetu wa upande wa mashariki, mzee wa miaka sabini na mitatu aliyestaafu kulima ngano. Alikuwa na mke, Ardith, na kibaraza, na kiti cha kubembea, na darubini. Shamba alilomwachia mwanawe lilipakana na kiwanja cha serikali chenye uzio, na kila mtu wa kule alijua kwamba chini ya kiwanja kile kuna kombora limelala. Verlin alilima kando ya kombora lile kwa miaka thelathini, akafikia kulihesabu kama lake. Wairani wawili walipokuja kukaa karibu na kombora lake, hakupendezwa. Tulipokuwa watatu, akakihamishia kiti chake upande wa kibaraza unaotazama kwetu.

Ardith alikuwa tofauti. Alikuwa mtu wa kanisani na wa mapishi, na siku ya tatu akabisha hodi akiwa na sahani mkononi.

"KARIBU MAREKANI, MAMA!" alimwambia mama mkwe wangu kwa kelele, kana kwamba Kifarsi ni ugonjwa wa masikio.

Kwenye sahani palikuwa na jeli ya kijani, na ndani yake karoti zilizokunwa zimeganda kama wadudu ndani ya barafu. Alipoiweka mezani, ikatikisika. Mama Turan akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona inatetemeka?"

"Ndivyo ilivyo, mama," nikamwambia.

"Imepikwa?"

"Imegandishwa."

"Na karoti zimefuata nini humo ndani?"

Nikamgeukia Ardith. "Anasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hii."

"Jamani! Si kitu, mwanangu, ni jeli tu!"

"Mwambie mimi silali nyumba moja na kitu hicho," akasema Mama Turan huku akitabasamu kwa heshima zote.

"Anaomba umfundishe kuitengeneza."

Ardith akafurahi hata macho yakamlowa. Tangu siku hiyo alituletea jeli kila Alhamisi, na kila Alhamisi Behrang aliila amesimama kwenye sinki, haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa.

Sasa, sahani ya mtu hairudishwi tupu. Kesho yake Mama Turan akapika wali wa zafarani, akapindua sufuria, akatoa ukoko mzima wa duara, rangi ya dhahabu, bila hata ufa. Kwao Lahijan nawajua ndugu walionuniana miaka kwa sababu ya ukoko mdogo kuliko ule. Behrang alinyoosha kidole akapigwa kofi mkononi.

"Huu wa majirani! Wewe utakula wali."

Nikaupeleka mwenyewe. Nikasema, "Zawadi kutoka kwa mama," nikaondoka zangu. Sikueleza zaidi, maana sikujua kwamba duniani kuna mtu wa kuelezwa utamu wa ukoko.

Miezi baadaye ndipo Ardith aliponisimulia. Verlin aliugonga kwa kijiko, ukalia ko, ko, ko. "Umeona?" akamwambia mkewe. "Wali wamekula wao. Sisi wametuletea cha kukwangua."

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza.

Darubini Mama Turan aliiona wiki ile ile. Alikuwa anaanika mashuka, akainua macho, akakuta vioo viwili vinamng'aria kutoka kibarazani. Kusema kweli Verlin siku hiyo alikuwa anamtazama ndege, kigong'ota aliyekuwa anatoboa mti wetu mkavu. Lakini mama aliingia ndani mbio na shuka shingoni.

"Bi harusi!" Hivyo ndivyo anavyoniita mpaka leo, ingawa nimeolewa siku nyingi. "Bi harusi, yule mzee ni jasusi."

"Hapana, mama. Ana macho mabovu. Daktari kamwambia ayafanyishe mazoezi."

"Mbona mazoezi yake yote yako huku kwetu?"

Nikamvua shuka shingoni. Akaenda chumba cha mapokezi cha Behrang, akachukua daftari la miadi ya wagonjwa lililokuwa halijaandikwa kitu, akaanza kumwandika. Verlin akabatizwa jina Mzee Darubini. Jina alilopewa mama na Verlin nililijua baadaye: Kamanda.

Oktoba ilipoingia tukaenda Denver kununua nyama ya halali na mchele wa maana, na huko mama akaona gunia la vitunguu saumu. Alilitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Tukarudi nalo. Siku mbili akakaa jikoni anamenya, anachemsha siki, anatia asali, anajaza chupa kubwa za kioo za mdomo mpana. Ni achari ya kwao. Kitunguu saumu kinakaa ndani ya siki miaka saba, mpaka kinageuka cheusi na kitamu kama tende. Chumba cha kung'olea meno kilikuwa mbele ya nyumba, na jiko lilikuwa nyuma yake tu.

Siku ya pili Behrang akaja jikoni na barakoa usoni. "Mama, nakubusu miguu. Mgonjwa wangu wa saa nne ameniuliza kama harufu hii inatoka kinywani mwake. Amelia, mama."

"Na mimi niipeleke wapi? Hii ni yenu! Nikifa, mtaifungua mnikumbuke."

"Popote nje ya nyumba."

Basi mama akaamua kuizika. Asubuhi akajifunga kitambaa cha kichwa, akavaa buti za Behrang, akatoka bustanini na jembe. Akapiga hatua nane kutoka kwenye ukuta, akachimba. Kila chupa aliifunga nailoni, akaifunga gunia, akailaza shimoni kama mtoto, akafukia, akachomeka kijiti chenye uzi mwekundu. Chupa kumi na mbili, vijiti kumi na viwili. Kila mara alipofukia aliinama akasema na ardhi: "Lala salama, mwanangu. Usiharibike. Usinitie aibu."

Kiti cha kubembea kule kibarazani kikaacha kubembea.

Jioni nilikuwa natoa takataka, Verlin akaja kwenye uzio. Alijitahidi kuwa mchangamfu, na hilo hakulizoea.

"Habari, binti. Naona mama yenu kachapa kazi leo."

"Ndiyo, mzee."

"Anapanda nini?"

Nilipaswa kusema kitunguu saumu. Maneno mawili tu. Lakini wiki ile ile nilimsikia mwanamke dukani anasema nyumba ya daktari inanuka, na aibu ikanishika.

"Maua," nikasema.

"Maua. Oktoba."

"Ni mbegu za maua."

"Kwenye chupa."

"Ndiyo, mzee. Maua ya kwao."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwake kinyumenyume.

"Alitaka nini Mzee Darubini?" mama akauliza dirishani.

"Anakusifia bidii, mama."

"Ananisifia!" Akalifungua daftari akaandika.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mama akitoka kuangalia vijiti vyake, Verlin yuko kibarazani. Verlin akitoka kibarazani, mama yuko dirishani. Ardith akaleta jeli nyekundu yenye vipande vya nanasi. Mama akapeleka supu ya maharage yenye ndimu kavu, ile nyeusi inayopikwa nzima, na Verlin akaiuma kwa meno yake ya bandia akaitema mkononi, akaipeleka dirishani kwenye mwanga aichunguze. Mimi katikati nikawa naeneza asali pande zote mbili, nikijiona fundi wa amani.

Jumapili moja ya Novemba Behrang alikuwa Omaha kwenye mkutano wa madaktari wa meno. Mimi na mama tukaenda Denver kununua nyama, tukarejea kwenye saa kumi jioni. Nikaingiza gari nyuma ya nyumba, mama akashuka kwanza, na nikasikia mfuko wa nyama unaanguka.

Katikati ya bustani yetu, kati ya vijiti vyenye uzi mwekundu, Verlin Kubik alikuwa amelala chali. Amevaa miwani myeusi ya mchomea vyuma, glavu za mpira za kuoshea vyombo, na skafu ya mkewe yenye maua imemfunga pua na mdomo. Mikono ameikunja kifuani. Pembeni yake kulikuwa na kikoleo, shimo, na chupa iliyovunjika. Uso wote ulikuwa umelowa, na katikati ya paji la uso palikuwa na duara jekundu ukubwa wa kifuniko.

"Amekufa," mama akanong'ona. "Jasusi amekufa kwenye bustani yetu. Watanitundika! Bi harusi, washa gari!"

"Mama, twende wapi?"

"Kanada! Si iko hapo juu?"

Maiti akainua kidole kimoja. "Msinisogelee," akasema ndani ya skafu. "Gesi."

"Mzee Verlin? Umeumia?"

"Nimeivuta yote, binti. Imeniingia machoni, imeniingia mdomoni. Kaa upande unaotoka upepo. Mwambie Ardith karatasi za bima ziko kwenye kopo la biskuti."

Kilichotokea ni hiki. Achari ilikuwa na asali nyingi na ilikuwa imechacha. Verlin alipoichimbua chupa akaanza kufungua kifuniko, kikamrukia kama risasi, na siki yote ikafuata. Chupa ikamponyoka ikagonga kikoleo. Alisikia mfoko, akasikia harufu, koo likamwaka moto, akajua ndiyo hiyo. Akajilaza chini kwa utaratibu asubiri.

Wakati huo mama alikuwa ameiona chupa. Hofu ikamwondoka papo hapo. Akapiga magoti juu ya vigae vya kioo, akaokota punje za kitunguu saumu zilizojaa mchanga, akaangua kilio ambacho sikumsikia akikilia hata kwenye matanga ya mumewe.

"Miaka saba!" akalia. "Ee Mungu, miaka saba! Miaka saba!"

Verlin akaivua miwani. Akamwona adui yake anamlilia machozi ya kweli, karibu na kichwa chake. Uso ukamlegea.

"Anasema nini, binti?"

Kwa mara ya kwanza sikuwa na nguvu ya kutunga. "Anasema miaka saba."

"Nimebakiza miaka saba?"

"Mzee..."

"Miaka saba!" Akainuka akakaa. "Daktari wangu wa moyo alinipa mitano!"

Mama akaacha kulia. "Amefufuka? Anasema nini?"

"Anasema... anafikiri... Mama, hebu ngoja."

Lakini mama hangoji. Adui au si adui, mtu aliyelowa siki, amekaa kwenye ardhi ya baridi, anatetemeka, lazima apewe chai. Akakimbia ndani, akarudi na glasi ya chai ya moto yenye kipande cha sukari ya mawe na zafarani, dawa ambayo kwao inatibu tumbo, moyo, hofu na talaka. Akamshika Verlin kisogo akamnywesha mwenyewe.

"Kunywa, ewe punda," akamwambia kwa upole. "Kunywa yote."

"Dawa ya kuiondoa sumu?" Verlin akaniuliza, macho yamemtoka.

"Ni chai na sukari."

"Ndivyo walivyokwambia useme?"

Hapo gari la polisi likasimama mbele ya nyumba. Verlin alikuwa amemwambia mkewe, "Nisiporudi baada ya nusu saa, ita polisi." Ardith alikuwa anatazama mashindano ya kuimba kwenye televisheni, na nusu saa ikawa saa moja na nusu. Sasa akaja mbio na viatu vya ndani, nyuma yake askari Lyle Bohac, kijana mnene ambaye Behrang alimziba jino miezi miwili nyuma. Mkono wake ulikuwa kwenye mkanda.

"Nani kafa?"

"Hakuna," nikasema.

"Mimi, kidogo," akasema Verlin.

"Babaa weee!" Ardith akampigia kelele mumewe. "Hiyo ni skafu yangu ya Pasaka!"

Askari Lyle akatazama shimo, vijiti, chupa. Akavuta hewa puani. Akavuta tena. "Daktari Mahin," akaniambia, ingawa mimi ni Mahin tu, daktari ni mume wangu, "mmezika nini hapa?"

"Kitunguu saumu."

"Alisema maua!" Verlin akaruka. "Mwenyewe aliniambia maua! Ya kwao!"

Wote wakanitazama. Nikatamani chupa nyingine ipasuke. "Niliona aibu," nikasema. "Kinanuka."

Mama alikuwa ameiona sare, akajua mambo yameharibika, na kwa mambo yaliyoharibika alikuwa anajua tiba moja tu. Akachimbua chupa ya pili kwa mikono, akaifungua taratibu upande wa ukuta, akachukua punje moja kwa vidole akamnyooshea askari.

"Asante, mama, hapana," akasema Lyle.

Kule Nebraska hapana ni hapana. Kwa Mama Turan hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni haya, na ya tatu ni kuomba uongezewe. Akamsogezea mdomoni. "Hapana, kweli, mama, niko kazini." Akamsogezea zaidi. Lyle akanitazama kuomba msaada, nikatazama mawingu. Akala.

Achari ya miaka saba ni tamu. Ya wiki tatu ni jambo jingine. Askari Lyle aligeuka rangi ya jeli ya Ardith, ile nyekundu. Machozi yakamtoka. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Ni chakula," akasema alipopata sauti. Akatoa kijitabu akaandika. "Kitunguu saumu. Chupa kumi na mbili. Kwa nini mnakizika miaka saba?"

Nikamuuliza mama. "Mwambie kabla ya hapo hakina adabu," akajibu. "Si ameona mwenyewe?"

Verlin alipojaribu kusimama, karatasi ikaanguka kutoka mfuko wa koti lake. Mama akaiwahi. Ilikuwa ramani ya bustani yetu, imechorwa kwa rula, ina misalaba kumi na miwili, na pembeni maandishi madogo.

"Nisomee," akaniambia.

"Mama, si kitu cha maana."

"Bi harusi. Nisomee alichoandika. Si unachotaka wewe aandike."

Sikujua kama alikuwa amegundua siku zote hizo. Nikashika karatasi nikasoma, neno kwa neno, kwa Kifarsi. "Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kamanda atoka. Apiga hatua nane. Azika. Aongea na ardhi. Jumanne. Kamanda akagua vijiti. Ainua ngumi kuelekea kwangu. Maelezo ya Kamanda: mfupi, mwenye nguvu, umri yapata miaka themanini."

"Ngapi?"

"Themanini, mama."

Ujasusi aliusamehe. Bustani kuchimbwa, aliivumilia. Lakini hili lilimpandisha damu mpaka kwenye masikio. "Themanini! Mwambie nina miaka sitini na mmoja! Mwambie themanini ni yeye na darubini yake na hiyo skafu ya maua!"

Nikamwambia. Yote. Ardith akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamcheza. Verlin akawa mwekundu.

"Kulikuwa na ukungu siku ile," akasema.

Mama akaingia ndani, akatoka na daftari la miadi. "Sasa msomee na yeye."

"Mama!"

"Msomee."

Nikasoma. "Jumatatu, saa tatu na dakika kumi. Mzee Darubini atazama. Namtazama. Saa nne. Bado atazama. Bado namtazama. Jumanne. Mzee Darubini amevaa soksi mbili tofauti. Nimemwonyesha kwa ngumi kwamba nimemwona. Jumatano. Hakuonekana mpaka saa sita. Je, anaumwa? Alhamisi. Ameonekana. Atazama."

Askari Lyle alikuwa amefunga kijitabu chake zamani, lakini hakuondoka.

"Jumatano ile nilikuwa na mafua," Verlin akasema.

Nikatafsiri. Mama akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyethibitishiwa. Kisha akainua kigae cha chupa na kutoa hukumu: aliyeharibu atatengeneza. Kesho saa tatu aje na kisu chake. Verlin akasema ana shughuli. Ardith akasema hana.

Akaja. Wakakaa kwenye ngazi za nyuma, beseni la vitunguu saumu katikati yao, mimi juu yao kwenye kiti, nikimenya na kutafsiri. Kulikuwa na jua la baridi. Mama alimenya punje kumi, Verlin mbili.

"Mwambie anamenya kama anayemvua mtoto nguo," mama akasema. Nikamwambia.

"Mwambie nilikuwa mpishi jeshini miaka mitatu, nililisha watu mia nne."

"Mpishi? Mpishi gani hajui harufu ya kitunguu saumu akafikiri anakufa?"

"Tulipika maharage," akasema Verlin. Halafu, bila kuinua macho: "Muulize kwa nini waliwashika mateka watu wetu ubalozini kule kwao. Siku mia nne na arobaini na nne. Nilifunga utepe wa manjano kwenye ule mti pale, ishara ya kuwangoja. Muulize."

Zamani ningesema anauliza kama chumvi imetosha. Nikamuuliza kama alivyosema. Kisu cha mama kikasimama.

"Mwambie sikuwashika mimi. Mwaka ule nilikuwa nachuma chai, na Behrang alikuwa na surua. Muulize na yeye kwa nini serikali yao ilimwondoa waziri mkuu wetu, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na sita. Baba yangu alizima redio akalala siku mbili hajala."

Nikamuuliza. Verlin akafikiri sana.

"Mwaka upi?"

"Hamsini na tatu."

"Mwaka huo nilikuwa nakamua ng'ombe wa baba mkwe." Akamenya punje nzima kabla ya kuendelea. "Hakuna aliyeniuliza, binti. Mwambie hivyo. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza."

Nikamwambia. Mama akamtazama kwa jicho la pembeni, kutoka kofia mpaka viatu.

"Na mimi hakuna aliyeniuliza," akasema. "Hebu nipe hicho kisu. Butu hicho, unaweza kukikalia."

Akakinoa mgongoni mwa sahani, akamrudishia. Chupa mpya ilijaa adhuhuri. Mama akamwachia Verlin aizike mwenyewe, lakini akamsimamia kichwani, na alipomaliza akamwamuru aseme na ardhi kama desturi. Verlin akakataa. Akasema yeye ni Mlutheri. Mama akaendelea kumnyooshea kidole shimo. Mwishowe akainama akanung'unika kitu haraka haraka ambacho sikukisikia vizuri, na mama akaniuliza amesema nini.

"Sijasikia, mama," nikamjibu, na safari hii ilikuwa kweli.

Mama alikaa nasi mpaka Machi, ndipo akarudi Lahijan kwa ajili ya mwaka mpya wa kwao. Sitasema waliishia kuwa marafiki. Mpaka siku ya kuondoka alishikilia kwamba Mzee Darubini ni jasusi, ila mbovu wa kazi, na Verlin alimwambia Ardith kwamba chai ile ya sukari haikuwa chai na sukari tu. Lakini ukoko ulipopelekwa tena, safari hii nikiwa nimeeleza kila kitu mlangoni, Ardith alinisimulia kwamba aligeuka kuchukua uma, aliporudi akakuta sahani tupu na mumewe anatazama dirishani.

Mikono yangu ilinuka kitunguu saumu mpaka Krismasi ya mwaka ule.